Jinsi ya kufuatilia kambi ya besiboli Februari na Machi: majeruhi, madogo wa kurusha, na nini cha kupuuza

Kila mwaka ikifika katikati ya Februari hapa maskani kwetu Michenzani suali ni lile lile. Kijana mmoja ananifata na simu mkononi, "Ami, huyu wamesema kigasha kimekaza, anarudi lini?" Namjibu, kesho yake anakuja na mwengine wa bega, keshokutwa mwengine wa ubavu, na sie tuna ligi yetu ya fantasi ya watu wanane hapa hapa barazani, kila mtu anachagua wachezaji wa kweli na kuhesabu wanavyocheza, kwa hiyo kila mtu ana mgonjwa wake wa kumuuguza. Mwaka huu nimeona bora niandike mara moja yaishe.

Naandika kwa mtu anaeijua besiboli kidogo, walau unajua kuna mrushaji na kuna mpigaji. Na mie nasema mrushaji, wenzangu wengine wanasema "picha" kama wanavyotamka wenyewe Wamarekani, lakini mie nshakoma, siku nilosema nyumbani "picha wa Yankees kaumia" bi mkubwa akaniuliza fremu imepasuka?

Lile kubwa nalitoa mapema kabisa: kwenye kambi, yaani mazoezi na mechi za timu za Marekani kabla ya msimu, tizama mkono, usitizame matokeo. Mengine yote yanatoka hapo.

Saa kwanza, maana bila saa hutoona kitu

Timu za ligi kuu ya Marekani ziko 30, nusu yake 15 zinapiga kambi Florida na 15 Arizona. Yankees wako Tampa, Dodgers wako Glendale kule Arizona. Mechi nyingi za kambi zinaanza saa saba na dakika tano mchana kwa saa zao, sasa ya Florida kwetu inakuwa saa tatu na dakika tano usiku, ya Arizona saa tano na dakika tano usiku. Halafu Jumapili ya pili ya Machi Florida wanasogeza saa mbele, Arizona hawasogezi, kwa hiyo ya Florida inarudi saa mbili usiku na ya Arizona inabaki pale pale. Watu wengi hapa ndo wanapokosea, wanakuja wamechelewa saa nzima wanalalamika mtandao.

Miaka hii ya karibuni kambi imegongana na Ramadhani, na wallahi imekuwa raha. Kabla hawajabadilisha saa, ukitoka tarawehe mechi ya Florida ndo inaanza. Zile za jioni za Arizona zinaanza saa kumi alfajiri, wakati wa daku khasa, unakula huku unatizama dogo asiejulikana anarusha moto. Ila bando linakwisha haraka kuliko tende, kwa hiyo mechi nzima usitizame, tizama inningi mbili tatu, katika zile zamu tisa za mechi, za mrushaji unaemfuata kisha zima.

Kambi yenyewe ni nini

Warushaji na wadakaji wao wanaripoti kwanza, katikati ya Februari, wapigaji wanafuata siku chache baadae. Sababu ni mkono. Mrushaji anahitaji kama wiki sita kuujenga mkono mpaka uweze kurusha mipira 90 siku moja. Mechi yake ya kwanza ya kambi atarusha inningi moja au mbili, ya pili mbili au tatu, mwisho wa Machi ndo unamuona anafika tano au sita. Kwa hiyo akitolewa mapema usipige kelele kuwa kaumia, ndo ratiba.

Na matokeo hayana maana, hayana kabisa. Mrushaji anaweza kuingia uwanjani kaambiwa na kocha leo rusha ule mpira mpya unaojifunza, basi anaurusha huo huo mara ishirini, wanampiga kama ngoma, yeye anatoka anacheka. Ni kama timu kubwa ya bara inapokuja Kombe la Mapinduzi na kikosi mchanganyiko, ukimfunga unashangilia lakini moyoni unajua.

Mfano mzuri ni Shohei Ohtani 2018, ndo mwaka nilioanza mie kutizama huu mchezo. Kambini alipiga hiti, yaani akaupiga mpira akafika besi, mara 4 tu katika 32, na kwenye kurusha nako walimchapa vibaya. Watu wakasema Mjapani huyu arudishwe ligi za chini. Mwaka ule ule akachukua tuzo ya mchezaji bora mpya wa ligi ya American, moja ya zile mbili zinazounda ligi kuu, nyengine ni National. Tangu siku hiyo mtu akinitajia ERA ya Machi, yaani wastani wa alama anazofungwa mrushaji kwa inningi tisa, mie namuagizia kahawa anyamaze.

Majeruhi, hapa ndo penyewe

Klabu hazisemi uongo moja kwa moja lakini zinasema kidogo kidogo, na wewe kazi yako ni kujua neno gani lina uzito. Hebu nikupangie kama ninavyozipanga mie, kutoka nyepesi kwenda nzito.

"Mkono umechoka" au "anasikia maumivu ya kawaida", hii mwezi wa Februari usiitilie maanani, nusu ya kambi inaumwa namna hiyo. Ukisikia mgongo umekaza au nyama za paja, mpe wiki mbili tatu. Ubavu ni mbaya kuliko unavyofikiri, maana mrushaji anajizungusha kiwiliwili chote kwenye kila mpira, na msuli wa ubavu ukichanika kidogo unaweza kuondoa mwezi mzima na zaidi. Bega linanitisha, bega ni gumu kulitabiri, wapo waliorudi wazima na wapo waliorudi na mkono mwengine kabisa. Na kigasha, yaani ile nyama kutoka kisugudi mpaka kifundo cha mkono, ukisikia kimekaza kaa chini kwanza.

Kwa nini kigasha? Fanya hivi. Kunja mkono wako, papasa upande wa ndani wa kiwiko, kuna kifupa kimetokeza. Hapo pana kano fupi, inafunga mfupa wa juu wa mkono na mfupa mmoja wa chini visiachane. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 145 hivi, chungwa dogo tu, lakini mrushaji anautupa umbali wa mita 18.44 kwa spidi ya kilomita 150 na zaidi kwa saa, na kila anaporusha ile kano inavutwa karibu na mwisho wa uwezo wake. Misuli ya kigasha inapita juu yake na inaisaidia kubeba mzigo. Sasa misuli ikichoka au ikikaza, mzigo unabaki kwa kano peke yake, ama pengine kano imeshaanza kulegea na misuli ndo inajikaza kuifidia. Ndo maana kigasha kikikaza madaktari wanakwenda kupiga picha ya kiwiko.

Nilipowaeleza hivi barazani hawakufahamu mpaka nilipookota kipande cha kamba ya usumba, nikaanza kukisokota na kukivuta, kukisokota na kukivuta. Kamba haikukatika. Ila nyuzi moja moja zilikuwa zinachomoka, nyuzi ya kwanza, ya pili, unaziona zinasimama kama nywele, na kamba bado inashika ndoo. Halafu siku moja ndoo iko kisimani. Mrushaji ni hivyo hivyo, ule mpira aloshika kiwiko siyo uliomuumiza, ni ule wa mwisho tu.

Operesheni ya hiyo kano ndo wanaita Tommy John, jina la mrushaji wa Dodgers aliefanyiwa wa kwanza, tarehe 25 Septemba 1974, na daktari Frank Jobe. Wanachukua kano kutoka sehemu nyengine ya mwili wanaipitisha kwenye matundu waliyotoboa kwenye mifupa ya kiwiko. Watu walidhani ndo basi, yeye akakaa nje 1975 nzima, akarudi 1976, akarusha mpaka 1989. Katika ushindi wake 288, ushindi 164 kaupata baada ya kukatwa.

Na ile kano ya kuazima mara nyingi inatoka kwenye mkono wenyewe. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, halafu kunja kiganja kidogo kuja kwako. Katikati ya kifundo itasimama kamba nyembamba. Hiyo. Siku tuliyofanya hivi maskani watu wote wameinua mikono kama wanaomba mvua, na fundi seremala mmoja akajikuta hana, mkono wake bapa. Akaingiwa na hofu kweli. Nikamwambia tulia sheikh, wapo watu wengi wanazaliwa bila hiyo na hawapungukiwi na kitu, wewe ukiwa mrushaji watakukata nyuma ya paja tu. Hakuona kichekesho.

Kupona ni miezi 12 mpaka 18. Kwa hiyo ukisikia Tommy John mwezi wa Machi, msimu wake umekwisha na pengine mwanzo wa msimu unaofuata pia.

Sasa kosa langu mie mwenyewe, mlijue. Gerrit Cole wa Yankees, bora wa warushaji wa ligi ya American 2023, kambini Machi 2024 kiwiko kikamuuma. Wakapiga picha, wakasema hakuna kukatwa, akapumzika akarudi Juni. Msimu ukaisha vizuri. Mie Machi 2025 kwenye ligi yetu nikamchagua wa mwanzo kabisa, nikajigamba sana. Haikupita hata wiki, tarehe 11 Machi, tuko kumi la kwanza la Ramadhani, taarifa ikaja kafanyiwa Tommy John. Siku ile nimefuturu kimya. Funzo nilolipata, kiwiko kilichotajwa mwaka jana usikihesabu kuwa kimepona kwa sababu hakikukatwa, kishushe kwenye orodha yako nafasi kadhaa hata kama jina ni kubwa.

Maneno mengine ya kuyajua upesi upesi. "Daraja" la jeraha la msuli: la kwanza ni nyuzi zimevutika na chache zimechanika, la pili imechanika sehemu, la tatu imekatika yote. Ukisikia "anakwenda kutafuta rai ya daktari wa pili", nnavyoona mie habari ishakuwa mbaya, mtu alieambiwa hana kitu hapandi ndege kwenda kuuliza tena. "Kasimamishwa kurusha" bila kutajwa muda, hesabu mwezi na nusu angalau, maana akianza tena anaanza mwanzo. Na orodha rasmi ya majeruhi kwa warushaji ni ya siku 15 au ya siku 60. Ya siku 15 inaweza kuwa ya hadhari tu. Ya siku 60 ni nyengine, timu inamuweka huko ili ifungue nafasi kwenye ile orodha ya wachezaji 40 ambao timu inaweza kuwachezesha ligi kuu, kwa hiyo mtu wako akiwekwa siku 60 mwezi wa Machi usinipigie simu mpaka mwisho wa Mei.

Ngazi za kurudi

Hii ndo ya kuishika kuliko yote. Usisikilize "anaendelea vizuri", kila mtu anaendelea vizuri. Uliza amefika ngazi gani. Kwanza anarusharusha kwenye ardhi tambarare, karibu, mita 18 mpaka 27. Halafu wanaurefusha, mita 35, 40. Halafu anapanda kwenye kile kilima cha kurushia na kumrushia mdakaji tu, mipira ya moja kwa moja peke yake kwanza, ile ya kupinda baadae. Halafu anawarushia wapigaji wa timu yake mazoezini. Halafu mechi ligi za chini, inningi mbili, tatu, nne. Kila ngazi ina siku zake na mapumziko katikati. Mtu aliesimama wiki mbili halafu leo karusharusha tambarare, hata mambo yaende sawa hatokuja wiki ijayo.

Na akirudi ngazi moja nyuma, yaani alikuwa keshapanda kilimani halafu unasikia yuko tambarare tena, futa tarehe zote ulizokuwa nazo.

Aah, na yapo ya kudra. Edwin Díaz, wakati ule mrushaji wa Mets wa kumalizia mechi, Machi 2023 alikwenda kuichezea Puerto Rico kombe la dunia la besiboli, wakawafunga Jamhuri ya Dominika, wakawa wanarukaruka kushangilia, kano ya goti ikakatika pale pale kwenye furaha. Msimu mzima. Hilo hulisomi popote mapema, unamshukuru Mungu siyo wako.

Spidi

Kwenye programu ya ligi yenyewe, mechi nyingi kila mpira unaandikiwa spidi, bure. Wanatumia maili, zidisha kwa 1.6 upate kilomita. Maili 95 ni kama kilomita 153, maili 100 ni 161. Watu wanaogopa wakimuona mrushaji wao kapungua maili mbili mwezi wa Machi, lakini wengi wanaanza kambi chini kidogo na kupanda kila wiki. Mlinganishe na yeye mwenyewe Machi ya mwaka jana, usimlinganishe na Septemba. Kinachonitia wasiwasi ni mwengine, yule ambae inningi ya kwanza yuko 96 na ya tatu yuko 92, siku mbili mfululizo, na huku mpira wake unakwenda kokote. Huyo habari yake inakuja.

Na ule upande wa pili pia ni hatari. Desemba 2024 ligi ilitoa ripoti yake ya majeraha ya warushaji, ikasema chanzo kikubwa ni kukimbiza spidi na mizunguko ya mpira na kutupa kila mpira kwa nguvu zote, na kwamba majeraha yanapanda wakati wa kambi. Sababu mojawapo, vijana siku hizi hawapumziki baridi ikiingia, wanalipia vituo vya mazoezi vyenye kamera, wanakuja kambini Februari keshatupa moto tangu Desemba. Kwa hiyo ukisikia "katuacha midomo wazi siku ya kwanza ya kambi", furahi nusu.

Madogo

Madogo utawajua kwa namba za mgongoni, 70 na kitu, 80 na kitu, mara nyengine hata jina mgongoni hana. Wengi ni waalikwa tu, hawamo kwenye wale 40. Wanaingia inningi ya sita wakati majina makubwa yanaoga, kwa hiyo kabla hujasema "huyu ndo mwenyewe" tizama kamtoa nani. Straikauti tatu, yaani kuwatoa watatu kwa straiki tatu tatu, dhidi ya wapigaji ambao kesho wanarudishwa ligi za chini ni chai bila sukari.

Wasaka vipaji wanatumia alama kutoka 20 mpaka 80, wastani wa ligi kuu ni 50. Mpira wa 60 ni mzuri, wa 70 ni adimu, wa 80 unawahesabu kwa vidole. Wageni wanatizama namba kubwa moja, "ana fastiboli ya 70!", yaani ule mpira wa kasi. Mie natizama ya mpira wake wa tatu. Dogo mwenye fastiboli ya 70 na slaida, ule wa kupinda, ya 60 lakini hana mpira wa tatu, na kuulenga kwake ni 40, huyo ataishia kurusha inningi moja za mwisho, kazi nzuri tu lakini siyo ile uliyomnunulia. Kwa hiyo kambini msubiri akutane na mpigaji wa mkono wa kinyume, mrushaji wa kulia na mpigaji wa kushoto, uone kama atauthubutu ule mpira wa kupunguza spidi, chenjapu. Akiurusha akiwa nyuma kwenye hesabu, mipira miwili mibaya na hana straiki, na akaupata, basi andika jina lake kwa wino.

Na usikasirike akirudishwa chini. Paul Skenes alichaguliwa wa kwanza kabisa timu zilipogawana vijana wapya 2023, kambi ya 2024 alionekana kidogo tu Pirates wakampeleka Indianapolis, ligi ya chini ya mwisho kabla ya kuu, wakampimia inningi kama dawa ya mtoto. Watu wakawatukana. Tarehe 11 Mei akapandishwa, akamaliza na ERA ya 1.96 na tuzo ya mchezaji bora mpya wa ligi ya National, mwaka uliofuata akachukua ya mrushaji bora. Mlinganishe na Stephen Strasburg, wa kwanza 2009, mechi yake ya mwanzo Juni 2010 straikauti 14, dunia nzima imesimama, Septemba ile ile kakatwa kiwiko. Alirudi na 2019 akawa mchezaji bora wa fainali, lakini baada ya hapo alirusha mechi 8 tu maisha yake yote ya kazi. Wote wawili walikuwa na mkono wa ajabu, kwa hiyo mkono wa ajabu haukwambii utadumu.

Ninavyofanya mie

Nina daftari la skuli, la mistari, kila mrushaji ana ukurasa. Naandika tarehe, neno walilotumia klabu, ngazi aliyofika, na spidi ya inningi ya kwanza na ya mwisho. Basi. Ikipita siku kumi hakuna mstari mpya nampigia kistari chekundu na natafuta mwengine wa kumchukua, sisubiri klabu iseme.

Na wewe kijana wa kigasha, nimeufungua ukurasa wa mtu wako. Tarehe 20 Februari kimekaza. Tarehe 22 picha, hawakusema kitu. Tarehe 26 rai ya daktari wa pili. Tangu hapo patupu. Kamtoe leo kabla ya saa tano, kuna dogo wa namba 83 anaanza Arizona na mie sijamchukua bado.